Kikosi cha usafi cha tangi la vyura: wa kununua na wa kuacha dukani

Kama una haraka, hukumu ni hii: kwa tangi la vyura lenye unyevu mwingi nunua mikiafyatuo (vijidudu vyeupe vinavyoruka) kwanza, isopodi weupe wadogo (wadudu wa magamba wanaojificha chini ya vyungu vya maua) pili, na pesa itakayobaki nunulia majani makavu. Wengine karibu wote wanaopangwa kwenye rafu hiyohiyo kwa jina la "kikosi cha usafi", yaani wadudu wa kula ukungu na mabaki tangini, ama wanafaa tangi la aina nyingine, ama ni wa kupendeza macho tu, ama wanaweza kuwadhuru vyura wako. Maelezo ya chini ni kwa anayetaka kujua sababu, na kwa yule ambaye muuzaji ameshamshika mkono kuelekea boksi la isopodi wa rangi ya machungwa.

Tangi linalozungumziwa hapa ni la kioo, tuseme sentimita 45 kila upande. Chini lina tabaka la kokoto za udongo wa kuchoma za kupitishia maji, juu yake wavu, juu ya wavu udongo wa sentimita 6 hadi 8, na juu kabisa majani makavu. Unyevu hauteremki chini ya asilimia 80 kwa muda mrefu, na joto linacheza kati ya nyuzi 22 na 26. Ndimo wanamokaa vyura wa sumu wa Amerika ya Kati na Kusini, jamii za Dendrobates na Ranitomeya, na pia vyura wadogo wa matete wa Afrika Mashariki, jamii ya Hyperolius. Katika hali hiyo mdudu hupimwa kwa mambo ambayo lebo ya kopo haiyataji: atakuwa mkubwa kiasi gani akikomaa, gamba lake ni gumu kiasi gani, na ana uchu wa protini kiasi gani.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Wadudu hawa hawafuti kinyesi cha chura kama mtu anayedeki sakafu. Wanakula zaidi kuvu na bakteria wanaoota juu ya kinyesi, juu ya majani na juu ya panzi aliyekufa. Wakati huohuo wanavunja majani kuwa vipande vidogo ambavyo vijidudu vya udongo vinaweza kumalizia. Kwa hiyo kikosi kinabeba mzigo wa vyura wadogo wawili watatu bila shida, lakini hakimudu kinyesi cha chura mkubwa kama chura-pembe wa Amerika ya Kusini, ambaye donge lake moja huoza kabla halijaliwa. Hilo litoe kwa kibano. Vilevile maji yanayojikusanya chini ya wavu hayasafishwi na mdudu yeyote. Yanyonye kwa mpira mwembamba kila yanapokaribia kugusa udongo.

Mikiafyatuo: anzia hapa

Huyu ni mdudu wa milimita moja hadi tatu, mweupe, mwenye kijiti chini ya tumbo kinachofyatuka na kumrusha hewani. Anayeuzwa sana Ulaya na Marekani ni Folsomia candida, ambaye hana macho na huzaa bila dume. Ndiye yuleyule anayetumiwa katika maabara kupimia sumu za udongo, na sifa zilizompeleka maabara ndizo zinazomfaa mfuga vyura: anazaana haraka, habagui chakula, na kila kopo linaweza kuanzishwa na wachache. Kwa nyuzi 20 hukomaa ndani ya wiki tatu hivi.

Katika tangi anafanya kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza vizuri: kula ukungu unaoanza kuota. Gome jipya likiwekwa ndani ya tangi lenye unyevu huvaa manyoya meupe ndani ya siku chache. Tangi lenye mikiafyatuo wa kutosha hupitia hatua hiyo na kuimaliza ndani ya wiki mbili hadi nne; tangi lisilo nao hubaki limevaa manyoya, na mwenye nalo huanza kulikausha, jambo ambalo ni baya zaidi kwa chura. Faida ya pili ni kwamba mkiafyatuo ni chakula. Vyura wachanga sana hawawezi kummeza hata nzi wa matunda, lakini mkiafyatuo wanammudu. Kwa spishi ndogo hilo si anasa. Chura wa Kihansi wa Tanzania, Nectophrynoides asperginis, huzaa watoto waliokamilika wenye urefu wa milimita tano hivi, na spishi hiyo ilinusurika kwa sababu ililelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo kabla ya kurudishwa nyumbani kuanzia 2010. Kinywa cha ukubwa huo kinahitaji mawindo ya ukubwa wa nukta.

Makopo yanauzwa ya namna mbili, ya mkaa na ya udongo. Chukua la mkaa. La udongo huficha kila kitu: huoni idadi, huoni utitiri, na huwezi kuwatoa wadudu bila kumwaga udongo wa mtu mwingine ndani ya tangi lako. La mkaa lina vipande vya mkaa na maji kidogo chini. Jaribio la kulipima ni rahisi na linaweza kufanyika palepale kaunta kama muuzaji ni muungwana: fungua kifuniko, pulizia pumzi kwa upole, kisha tazama. Mkaa ambao ulionekana mtupu unaanza kutembea; vinukta vyeupe vinatoka kwenye matundu na vingine vinaruka hadi ukingoni. Ukiona wachache wa kuhesabika, rudisha kopo. Ukisikia harufu ya yai bovu au siki kali, rudisha pia, maana chakula kimezidi na chini kumeoza.

Kuwahamisha ni kazi ya dakika mbili. Mimina maji yasiyo na klorini ndani ya kopo hadi mkaa ufunikwe. Ngozi ya mkiafyatuo hailowi, kwa hiyo wote wanaelea juu kama unga wa mhogo uliomwagika. Inamisha kopo na uwamwage juu ya majani ya tangi, kisha mimina maji yaliyozidi na urudishe kopo kabatini. Tangi la sentimita 45 linataka kopo la nusu lita lililojaa. Mwaga nusu, nusu ibaki kuwa kopo mama. Usimwage lote. Anayemwaga lote hurudi dukani kila baada ya miezi mitatu, na ndivyo maduka yanavyoishi.

Kopo mama linalishwa punje tano hadi kumi za mchele mkavu, au hamira kavu kiasi cha kubana kwa vidole viwili, na haliongezewi kitu hadi cha kwanza kiishe. Lifunguliwe mara moja kwa wiki na kupepewa, kwa sababu hewa chafu inayotoka kwao na kwenye hamira hukaa chini ya kopo na kuwaua. Makopo mengi yanayokufa hufa kwa kulishwa kupita kiasi, si kwa njaa: kopo lililosahauliwa mwezi mzima kabatini mara nyingi hufufuka, lililowekewa kijiko cha hamira halifufuki.

Joto ndilo tatizo la msomaji aliye pwani. Mayai ya Folsomia candida hayaanguliwi joto likifika nyuzi 28, na chumba cha kawaida Mombasa au Dar es Salaam hupita hapo kwa miezi mingi ya mwaka. Nairobi, Arusha au Iringa hakuna shida. Pwani itabidi kopo likae sehemu ya chini kabisa ya nyumba, sakafuni penye saruji, au utumie aina za joto zinazouzwa kwa jina la mikiafyatuo wa tropiki. Jina hilo halina spishi moja nyuma yake, kwa hiyo muulize muuzaji amewazalisha katika nyuzi ngapi na kwa muda gani. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko jina. Kopo lolote, la aina yoyote, likisafirishwa kwenye gari lililoegeshwa juani limekwisha.

Isopodi weupe wadogo

Isopodi ni ndugu wa kaa na kamba waliohamia nchi kavu. Hao unaowaona wakitawanyika ukiinua chungu cha maua. Bado wanapumua kwa viungo vya chini ya tumbo vinavyotaka unyevu, ndiyo maana wanafaa tangi la vyura kuliko la mjusi wa jangwani. Lakini si wote, na ndani ya kundi hili ndimo pesa nyingi hupotelea.

Wa kununua ni Trichorhina tomentosa, mweupe, asiyezidi milimita tano, asili yake Amerika ya tropiki na sasa yumo katika nyumba za kioo za mimea duniani kote. Anazaa bila dume. Gamba lake ni laini, hata chura mdogo wa sumu anamtafuna bila taabu. Anapenda udongo uliolowa kweli, hali inayowaua isopodi wengi wa mapambo. Kwa tangi la sentimita 45 weka 25 hadi 50. Chini ya 20 wataliwa kabla hawajaongezeka, kama vyura wameshaingia.

Lawama anayopewa ni kwamba "hafanyi kazi, haonekani". Haonekani kwa sababu anaishi ndani ya udongo na chini ya magome. Ukitaka kujua kama yupo, lala usiku umeacha kipande cha tango au boga chini ya jani kubwa, asubuhi kigeuze: upande wa chini utakuwa umetobolewatobolewa na wenyewe wamejikunja humo. Mara nyingine utamwona mmoja aliye nusu mweupe wa chaki na nusu wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Huyo haumwi. Isopodi hujivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, na ya mbele baadaye, ili asiwe laini mwili mzima kwa wakati mmoja.

Kasoro yake ya kweli ni nyingine. Kwa kuwa anakaa chini, majani ya juu anayala polepole, na kinyesi kilichokwama kwenye kioo au juu ya jani la mmea hatakifuata. Hiyo ni kazi ya mikiafyatuo na ya kitambaa chako. Na tangi likikosa majani makavu, ataanza kutafuna vichipukizi laini na ukoga uliopandwa. Dawa si kumpunguza, ni kuongeza majani.

Wa unga: bluu na machungwa

Porcellionides pruinosus ndiye anayesukumwa na wauzaji wengi, na si vigumu kuona sababu. Anafika milimita 12, ana vumbi la bluu la kupendeza au rangi ya machungwa iliyochaguliwa na wafugaji, anakimbia, na anazaana kiasi cha kumtajirisha mwenye duka. Anakula majani na mabaki kwa kasi ambayo mweupe mdogo hawezi kuikaribia.

Kwa tangi la chura-mti mkubwa lenye upande mkavu na upande wa maji, ni mnunuo mzuri. Kwa tangi la Ranitomeya ambaye mwenyewe ni wa sentimita mbili hivi, si mzuri: mdudu aliyekomaa hawezi kuliwa, kwa hiyo hakuna wa kumpunguza, na ndani ya miezi michache kila jani lina kundi linalokurupuka. Majani uliyokusudia yadumu robo mwaka yanakwisha ndani ya wiki kadhaa. Wakiwa wengi na protini ikiwa haba, huparura chochote laini, yakiwemo mayai yaliyotagwa sakafuni. Kama vyura wako wanataga na unataka watoto, toa mayai uyaweke kwenye kisahani chenye kifuniko, bila kujali una isopodi wa aina gani.

Kosa la pili ni la mazingira. Mdudu huyu anataka sehemu ya kukaukia. Katika tangi lililolowa kila kona hudumaa, na wanaobaki hujazana juu karibu na tundu la hewa. Ukiwaona wote wamepanda kioo, usifurahie uchangamfu wao, wanakimbia maji.

Wakubwa, wagumu na wa bei mbaya

Porcellio laevis, hasa yule mwenye mabaka meusi na meupe anayeuzwa kwa jina la ng'ombe wa maziwa, asiingie kwenye tangi la amfibia. Anapita milimita 15, ana uchu mkubwa wa protini, na chura hana magamba ya kumkinga. Chura anayejifukia na kutulia siku nzima ndiye aliye hatarini zaidi. Porcellio scaber ni mpole kidogo, lakini naye ni mkubwa, mgumu, na anapendelea ubaridi na sehemu kavu zaidi. Hakuna anachokifanya ambacho mweupe mdogo pamoja na mikiafyatuo hawakifanyi.

Armadillidium, wale wanaojikunja kuwa kigololi, hawana ubaya wowote isipokuwa kwamba hawafai hapa. Wanataka chokaa nyingi na hewa kavu kiasi. Katika unyevu wa vyura hudumu kwa muda, hawazai vizuri, kisha unashangaa kwa nini wamekwisha.

Jamii ya Cubaris ina pande mbili. Cubaris murina ni wa tropiki, wa ukubwa wa wastani, mtulivu, na anaishi vizuri kwenye unyevu. Kama unataka isopodi anayeonekana kwenye tangi la Dendrobates tinctorius, mchukue huyu. Wale wengine wenye sura ya bata wa plastiki ni mali ya wakusanyaji: wanazaa polepole, mmoja anaweza kukugharimu sawa na kopo zima la mikiafyatuo, na chura akimla umemlisha chakula cha bei kuliko yeye mwenyewe. Kama kikosi cha usafi, alama yao ni sifuri.

Nyungunyungu, majongoo na konokono

Nyungunyungu wekundu wa mboji, Eisenia fetida, wanapatikana kirahisi hata Afrika Mashariki kwa wakulima wa mboji, na ndiyo maana watu huwaweka. Katika boksi la mboji hawana mshindani. Katika tangi wanavuta majani yote chini, wanageuza udongo uliopangwa kwa tabaka kuwa tope, na tope hilo huziba wavu. Mizizi ya mimea hukosa hewa, udongo huanza kunuka. Wakishikwa hutoa ute wa njano ambao vyura wengi huutema. Tangi likiwa na udongo wa sentimita 15 kwenda juu na chura mkubwa anayeweza kuwala, wachache watavumilika. Chini ya hapo waache.

Jongoo hapana. Wengi wao hutoa kemikali za kujikinga zinazowasha, na wengine wa mgongo bapa hutoa gesi ya sianidi. Ndani ya kioo kilichofungwa na mnyama anayepumua kwa ngozi, huo ni mzaha mbaya. Konokono nao hula mimea, huchafua kioo kwa ute, na huzaana kwa siri. Hata hivyo hutawanunua wewe. Watakuja wenyewe na mmea wa dukani.

Wanaopanda gari bila nauli

Hapa ndipo tofauti ya duka zuri na duka baya inapoonekana, kuliko kwenye bei. Kopo la wadudu linaweza kuja na utitiri wa nafaka, wale wa rangi ya maziwa wanaotembea polepole kama vumbi zito. Hawamdhuru chura, lakini wakihamia kwenye makopo yako ya nzi wa matunda wanayaangusha. Visubi weusi wa udongo ni kero zaidi kuliko hatari, na vyura huwala wakipaa.

Wa kuogopa ni mnyoo-utepe wa nchi kavu. Ni mwembamba, sentimita chache, wa rangi ya waridi au njano iliyofifia, huteleza kwenye kioo usiku na kuacha mstari wa ute. Akimfikia mdudu hufyatua mrija mweupe kutoka kichwani na kumnasa. Mmoja wao, Geonemertes pelaensis, alipoingizwa visiwa vya Ogasawara vya Japani alimaliza karibu isopodi na ndugu zao wote wa sakafu ya msitu. Kwenye tangi matokeo ni hayohayo: mikiafyatuo wanapotea, kisha weupe wadogo, na mwenye tangi anaendelea kununua makopo mapya ya kumlisha mnyoo. Ukikuta kikosi kinakufa kila mara bila sababu, chunguza kioo saa sita usiku kwa tochi kabla ya kutoa pesa tena.

Kumwondoa maana yake ni kuwatoa vyura, kisha kulijaza tangi gesi ya kaboni dioksidi kwa barafu kavu, mahali penye hewa ya kutosha kwa ajili yako mwenyewe. Gesi hiyo huua kikosi chote pia, na mayai ya mnyoo yanaweza kunusurika, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki mbili. Ni afadhali karantini. Kila kopo jipya likae chumba kingine wiki tatu hadi nne, na likaguliwe usiku. Kwa mikiafyatuo wa mkaa, wahamishie kwanza kwenye kopo safi kwa njia ya kuelea, na uanzishe kizazi kipya humo.

Maduka ya dawa za kilimo huuza utitiri wawindaji, Stratiolaelaps scimitus, ambaye kwenye lebo za zamani aliitwa Hypoaspis miles. Anawala visubi wachanga na utitiri wa nafaka vizuri sana. Anawala mikiafyatuo pia. Mtie kwenye meza ya makopo ya nzi ukitaka, tangini asiingie.

Na kuhusu kuokota bure bustanini: mikiafyatuo wapo kwenye kila rundo la mboji Afrika Mashariki, na wanavumilia joto letu kuliko yule wa maabara. Wanaweza kufugwa. Lakini usiwatoe mahali wanapoishi vyura wa mwituni, maana maji na udongo wa hapo vinaweza kubeba kuvu ya kitridi inayoua vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, ileile iliyokutwa Kihansi vyura walipoporomoka mwaka 2003. Chukua kwenye mboji kavu kavu mbali na maji, waelee, waoshe, wazalishe kwenye mkaa kwa vizazi viwili ndipo watoto wao waingie tangini.

Chakula na makazi yao

Kikosi bila majani ni kikosi cha wiki sita. Majani bora yapo pwani na hayana bei: majani ya mkungu yaliyoanguka yakiwa mekundu na kukauka. Hayahaya Ulaya hufungwa kwenye pakiti na kuuzwa kwa wafuga samaki na vyura. Ya mpera na ya mfenesi nayo ni mazuri. Usiokote kandokando ya barabara kuu wala kwenye bustani za hoteli zinazopuliziwa dawa ya mbu, kwa sababu dawa inayoua mbu inaua isopodi. Yachemshe dakika kumi, au yaweke kwenye oveni nyuzi 100 kwa nusu saa. Kuvu ya kitridi hufa kwa nyuzi 60 ndani ya dakika tano, kwa hiyo hapo uko salama nayo. Tandika unene wa sentimita 3 hadi 5, na uongeze kila miezi miwili au mitatu.

Usumba peke yake si udongo. Unashika maji, unashikana, na hauna lishe. Mchanganyiko uliopata jina kutoka bustani ya mimea ya Atlanta bado haujapitwa: sehemu mbili za nyuzi za mti-kangaga, mbili za vipande vya magome, na moja moja ya mboji ya kinamasi, mkaa na ukoga mkavu wa sfagnamu. Ukikosa nyuzi za mti-kangaga, usumba uchukue nafasi hiyo. Ila angalizo kwa walio Zanzibar na pwani: usumba wa makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari umejaa chumvi. Chumvi hiyo inaua mikiafyatuo na inamkausha chura. Uloweke na kubadilisha maji hadi ukionja tone usisikie ladha, au tumia makumbi ambayo hayajagusa bahari. Mkaa uwe wa kuni halisi, si wa kubandika kwa gundi, uvunjwe saizi ya ncha ya kidole gumba na kuoshwa hadi maji yasiwe meusi. Maji ya bomba yalale wazi saa 24. Penye kloramini, dawa ya maji isiyopaa yenyewe kama klorini, kulaza hakusaidii, tumia dawa ya kuondoa klorini ya wafuga samaki.

Kwa chokaa, vipande vya mfupa wa dome au maganda ya mayai yaliyosagwa vinatosha. Unga wa kalsiamu unaodondoka kutoka kwa nzi unaowalisha vyura nao haupotei.

Mpangilio wa kuingiza ni huu: mikiafyatuo siku ileile udongo na majani yanapowekwa, weupe wadogo wiki moja baadaye ukungu wa kwanza ukishaota, vyura baada ya wiki nne hadi sita. Anayeingiza vyote siku moja amenunua chakula cha jioni. Vyura wakishakuwamo, mwagia mikiafyatuo kutoka kopo mama kila mwezi, zaidi kama kuna vyura wachanga.

Vifurushi

Maduka mengi ya mtandaoni huuza kifurushi kilichopangwa: kopo dogo la mikiafyatuo, isopodi kumi "mchanganyiko" na mfuko wa majani. Kwa tangi la unyevu ni mnunuo mbaya hata pale bei inapoonekana nafuu, kwa kuwa kumi ni wachache na "mchanganyiko" maana yake ni wa unga pamoja na wengine wasiotajwa. Nunua kimoja kimoja. Kabla hujalipa, uliza jina la kisayansi la kila mdudu, uliza walizalishwa hapohapo au walipokewa wiki iliyopita, uliza kama idadi inahesabu wachanga au wakubwa peke yao, na uliza watasafirishwa siku gani ya juma. Kopo linalotumwa Ijumaa hulala ghalani hadi Jumatatu. Muuzaji anayezalisha mwenyewe hujibu yote manne bila kusita, na mara nyingi hukataa kutuma mwenyewe wakati wa joto kali au baridi ya kugandisha.

Likifika, lifungue siku hiyohiyo, lipulizie pumzi, lipige picha. Wanaoahidi kurudisha fedha kwa waliofika wafu wengi hutaka picha ndani ya saa 24, na kopo la mkaa lenye mikiafyatuo waliokufa, kwa bahati mbaya, linafanana na kopo jipya lisilo na kitu. Hivyo kabla ya kudai chochote lijaze maji: walio hai na waliokufa wote wataelea, lakini walio hai watatembea juu ya maji.